Mama Yako Hakuwa Mpole

Mwanangu Minza,

Sikuulizi hali, maana nakusikia chumba cha pili ukicheka na shangazi zako, na ukicheka hivyo najua u mzima. Mimi pia sijambo, ila nina hasira. Nakwambia mapema ili usije ukasoma ukadhani baba yako kachanganyikiwa kwa sababu ya harusi. Kesho asubuhi gari la kina Deus linakuja kukuchukua kwenda Nkome, na kuna jambo sitaki uondoke nalo kichwani jinsi lilivyo.

Habari za vyombo, za vitenge, za namna ya kumsalimu mama mkwe, wenye kuzijua wameshakwambia. Wiki nzima nyumba hii imejaa watu wanaojua. Mimi hayo nayaacha.

Hasira ilinianza jana kwenye sherehe ya kukuaga. Unakumbuka shangazi yako Ngolo alipopewa kipaza sauti. Alisimama akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Minza, nenda ukawe kama marehemu mama yako. Mama yako hakuwahi kupandisha sauti ndani ya nyumba ya kaka yangu. Alivumilia. Hata ugonjwa ulipomkamata hatukumsikia akilalamika, mpaka Mungu alipomchukua."

Watu wakapiga vigelegele. Wewe ukasimama, ukafuta machozi ukasema, "Naahidi, shangazi. Nitakuwa kama mama."

Kisha kipaza sauti kikaletwa kwangu. Nilikuwa na mengi ya kusema, Minza. Yule mshereheshaji akaniinamia sikioni, "Mzee, kwa kifupi tu, chakula kinapoa." Nikatazama wakwe wametulia, nikamtazama dada yangu analia kwa furaha. Nikasema wabeja sana, asanteni, karibuni chakula, nikakaa. Tangu hapo chakula chenyewe hakijanipita vizuri.

Mama yako hakuwa mpole. Nataka ulisome hilo kwa mwandiko wangu mwenyewe, hata kama mwandiko ni wa darasa la saba.

Wewe ulimjua mama wa hapa Kambarage, aliyetembea taratibu, aliyejibu "haya" kwa kila kitu, aliyekaa mkekani na akina mama wa kanisani akisikiliza. Huyo alikuwepo, siwezi kumkana. Ila mimi nilioa mtu mwingine. Nilimwoa Kabula wa Tinde, binti aliyekuwa akiuza michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, iliyochemshwa kwa karanga pale barabarani, magari yakisimama. Siku ya kwanza kuzungumza naye nilimwambia viazi vyake havikuiva. Akachukua kile nilichokwisha kukiuma, akakila mwenyewe mbele yangu mpaka kikaisha, akasema, "Meno yako ndiyo hayajaiva." Wenzangu walinicheka njia nzima. Kesho yake nikarudi.

Tulipooana tukaenda Geita, machimboni. Wakati ule kila kijana wa Shinyanga mwenye mikono miwili alikuwa huko au anataka kwenda. Mimi nikawa mchimbaji kwenye duara la mzee mmoja, na duara ni shimo tu, Minza, usione linaitwa jina zuri. Linashuka wima kama kisima, halafu chini linakwenda pembeni kufuata mwamba. Mama yako akajenga kibanda cha turubai akawa anapika. Alfajiri anawasha moto, ugali na dagaa, wali na maharage, anachota maji mbali, anakata kuni, anaosha masufuria, jioni anapika tena. Watu walikula kwake kwa sababu chakula chake kilikuwa kizuri, wakamwogopa kwa sababu ya mdomo wake. Mtu akimtania vibaya, anajibiwa mbele ya watu wote, na jibu linamfuata mpaka shimoni. Walimwita Dada Spika.

Jioni akimaliza kazi tulikaa nje ya kibanda ananiuliza, "Haya, leo huko chini mmefanya nini?" Wanaume wengi hawakuwaambia wake zao habari za chini. Mimi nilimwambia kwa sababu hakunipa nafasi ya kutomwambia. Aliuliza hewa ikoje, mwamba ukoje, maji yanaingilia wapi. Nikamwambia siku moja kwamba ukifika mwisho wa njia yetu ya pembeni unasikia nyundo za watu wa duara la jirani, kama mtu anagonga mlango wa nyumba ya pili. Akacheka akasema, "Basi siku moja mtakutana msalimiane."

Ukawa tumboni tayari. Mvua zikaanza.

Mama yako aliona miti iliyoshikilia kuta za duara letu imeoza. Aliiona kwa sababu tuliitoa michache ikawekwa karibu na kibanda chake, akaichukua kuwa kuni, ikakatika mkononi kama muhogo. Akaenda nayo kwa mwenye duara. Mimi nilikuwa naye siku hiyo.

"Mzee, shikamoo. Hii ndiyo inayowashikilia waume zetu?"

"Marahaba. Wewe kapike."

"Nitapika. Ila wewe nunua miti."

Mzee akasema atanunua mvua zikikata. Mama yako akamjibu kwamba mvua zikikata atakuwa ananunua majeneza. Wenye kusikia wakaguna. Usiku ule tuligombana, maana aliniambia nisishuke na mimi nikamwambia tutakula nini. Asubuhi nikashuka. Hakuniaga. Alinigeuzia mgongo anakoroga uji.

Tulikuwa mimi na mwenzangu Luhende mwisho wa ile njia ya pembeni. Sikusikia kishindo kikubwa kama watu wanavyofikiri. Nilisikia upepo mgongoni, taa ikazimika, kisha kimya. Njia tuliyojia ilikuwa imejaa udongo. Luhende alikuwa amebanwa mguu na jiwe. Nilijaribu kulisukuma mpaka nikaishiwa nguvu, nikakaa karibu yake, tukawa tunaongea kidogo kidogo ili kila mmoja ajue mwenzake bado yupo.

Hiyo ndiyo sehemu unayoijua. Umeisikia kanisani nilipotoa ushuhuda, kwamba baba alifukiwa na Mungu akamtoa. Ni kweli Mungu alinitoa. Lakini kuna mtu alitumika, na kila hadithi hii inaposimuliwa kwenye ukoo huu mtu huyo anaachwa nje, na mimi nimechoka.

Huko juu nimesimuliwa na waliokuwepo. Mwenye duara aliangalia shimo akasema, "Hawa wamekwisha. Nikishusha wengine nitaongeza maiti." Na huenda kwa upande wake alikuwa sahihi, kuta bado zilikuwa zinamomonyoka. Wanawake wakamletea mama yako kanga, wakamketisha chini, wakaanza kulia. Mmoja akamwambia, "Vumilia, mdogo wangu. Ndiyo mapenzi ya Mungu, na una mtoto tumboni."

Alikaa nao kidogo. Kisha akasimama, akaitupa ile kanga, akaenda duara la jirani akipita matopeni na tumbo lake. Kule walikuwa wanaendelea na kazi, wanavuta ndoo za mawe. Akamwambia mwenye duara lile, "Njia ya mume wangu imefika karibu na yenu. Wanasikia nyundo zenu. Shusheni mtu agonge ukuta."

"Mama, pole sana. Lakini siwezi kusimamisha kazi kwa ajili ya watu waliokufa."

Hapo ndipo mama yako alipopandisha sauti, Minza. Alikwenda akaketi juu ya mti unaozungushiwa kamba ya ndoo, akaukumbatia kwa mikono miwili, na akasema hakuna kitu kitakachoshuka wala kupanda mpaka mtu agonge ukuta. Walipotaka kumwondoa aliwatukana kwa Kisukuma, matusi ambayo sitayaandika kwa binti yangu. Aliwataja kwa majina, kila mmoja na chakula alichokula kwake. Alimwambia mmoja, "Wewe ulipoumwa tumbo nani alikupa uji? Leo unaogopa kugonga jiwe?" Mwanamke mjamzito, amejaa matope, amepoteza kilemba. Wanaume wakaona haya hata kumshika.

Yule aliyepewa uji ndiye aliyeshuka. Akagonga. Mimi nilikuwa nimesinzia, nikadhani naota. Luhende akanibana mkono akasema, "Kuna mtu." Nikaokota jiwe nikagonga, nikagonga mpaka nikaumiza vidole.

Walitoboa ukuta kwa zamu, wakatutoa kesho yake kupitia duara la jirani. Nilipofika juu sikuona kitu kwa mwanga, ila nilisikia sauti yake imekauka kabisa, kama ya mwanaume, inasema, "Nilikwambia usishuke." Hilo ndilo neno la kwanza. Si asante Mungu, si pole mume wangu. Nilicheka mpaka kifua kikauma.

Ndiyo maana jana nilipomsikia dada yangu akisema hakuwahi kupandisha sauti, nilitaka kuipindua meza.

Sasa utaniuliza, huyo mtu alikwenda wapi. Hata mimi najiuliza, na hili ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa sababu simpati mtu mmoja wa kumlaumu.

Mgongo wangu uliharibika kule chini, kazi ya duara ikaniisha. Tukarudi Shinyanga, tukajenga hapa Kambarage karibu na ndugu zangu. Bibi yako, mama yangu, alimpokea mama yako kwa jina moja, "yule wa machimboni." Hakulisema kwa kelele. Alikuwa akisema, "Mwambieni yule wa machimboni alete maji." Unajua watu wa hapa wanavyofikiri juu ya mwanamke aliyetoka machimboni. Mama yako alijibu mara mbili tatu, kwa ule ulimi wake. Kikao kikaitishwa. Nilimtetea, na kikao kikaona ndiyo uthibitisho, kwamba hata mume amekaliwa.

Baada ya kikao aliniambia, "Baba Minza, nitawaonyesha. Watakosa cha kusema."

Nilidhani anapanga vita. Kumbe alikuwa anapanga kunyamaza. Na akawa hodari wa kunyamaza kama alivyokuwa hodari wa kila kitu. Mgongo wangu ukiwa haubebi, yeye ndiye aliyelima mpunga Tinde, akabeba magunia mpaka mashine ya kukoboa, akauza mchele sokoni, akarudi kupika. Bibi yako alipopooza, mama yako alimwogesha, akamgeuza, akamlisha kwa kijiko miaka yote ile, wakati watoto wake wa kuzaa tulikuwa tunaingia kumsalimia na kutoka. Bibi yako alikufa akimwita mayu, mama. Mama yako alishinda. Hakuna aliyekuwa na cha kusema isipokuwa sifa.

Na sifa, mwanangu, zilimnogea. Sijui niseme vipi bila kumkosea. Akina mama wakaanza kumpelekea mabinti wao wawaone jinsi mwanamke anavyokaa. Kila alipotaka kusema neno, alikumbuka kwamba yeye ni yule asiyesema. Nikimuuliza jioni, kama alivyokuwa akiniuliza mimi zamani, "Leo siku yako imekwendaje?" alisema, "Salama." Kila siku salama. Mpunga umenyeshewa, salama. Ameanguka na gunia, salama. Mimi nilikuwa naipenda ile salama yake kuliko ninavyotaka kukumbuka, maana mtu aliyechoka anapenda kusikia salama.

Kwa hiyo alipoanza kuumwa nani angejua? Wewe ulikuwa chuo. Mimi nilimwona anakonda, nikamuuliza, akasema ni jua la shambani. Alianguka pale kwenye mashine ya kukoboa, vijana wakamleta hospitali. Daktari akamuuliza, "Mama, maumivu haya yameanza lini?" Akaniangalia mimi, kisha akatazama sakafu. "Siku nyingi." Daktari akanigeukia. Uvimbe ulikuwa umekwishaenea.

Nilimkasirikia, Minza. Watu hawasemi hivi juu ya marehemu, lakini nilimkasirikia na bado namkasirikia. Mtu aliyekalia mti wa kamba akasimamisha duara zima kwa ajili yangu, akashindwa kusema neno moja kwa ajili yake mwenyewe. Natembea uani peke yangu nagombana naye. Namwambia, mimi ulinigongea ukuta, wewe kwa nini hukugonga?

Nikupe jambo moja ambalo hulijui, la wodini hospitali, karibu na mwisho. Shangazi yako Ngolo alikuja kumwona na wenzake wa kwaya. Wakaomba, wakaimba, na wakati wa kuondoka Ngolo akamwambia nesi, "Huyu wifi yangu ni shujaa. Hata muwe mnamchoma na moto hatalalamika." Nesi akatabasamu, akaandika kitu, wakaondoka. Mama yako akabaki anatazama dari. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Baba Minza."

"Naam."

"Inauma."

Nikasogeza kiti. "Wapi?"

"Kila mahali. Inauma sana. Inauma tangu zamani, mimi nimechoka." Na akaanza kulia, kisha akapiga kelele. Alipiga kelele, Minza, akatukana kitanda, akatukana ugonjwa, akamtukana hata mama yangu marehemu, kwa Kisukuma kilekile cha machimboni. Wagonjwa wengine wakakaa vitandani. Manesi wakaja wanakimbia, na yule mmoja akasema, "Mbona mama kila tukikuuliza unasema huna maumivu? Tungekupa dawa." Wakamchoma sindano. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia, na, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwona mke wangu. Alilala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Siku zilizobaki alilalamika kila kitu: uji hauna sukari, shuka lina mikunjo, mimi nanuka jasho. Nilikuwa narudi nyumbani kuoga nikiwa na furaha kama kijana.

Kwenye mazishi, Luhende alikuja kutoka Geita na fimbo yake, na ule mguu. Alimwomba baba yako mkubwa nafasi ya kusema machache juu ya marehemu. Naye akamuuliza anataka kusema nini. Luhende akamweleza. Baba mkubwa akamwambia, "Ndugu yangu, tunashukuru, lakini hayo ya machimboni na matusi si ya kusomwa mbele ya mchungaji." Wasifu ukasomwa: mnyenyekevu, mvumilivu, mtu wa maneno machache. Luhende alisimama nyuma ya turubai analia. Mimi nilikuwa mbele, nimeshikwa na ndugu huku na huku, kama mtu anayeweza kuanguka. Sikutaka kuanguka. Nilitaka kusimama niseme kwamba huo ni uongo.

Sina neno baya na Deus. Ni kijana anayefanya kazi ya samaki kwa bidii, na alipokuja kwangu alinitazama usoni. Mama yake pia nimemwona, ni mtu mzima mwenye kucheka. Huenda huko Nkome hakuna atakayekutaka unyamaze. Ndilo linalonitia wasiwasi zaidi: kwamba hakuna atakayekutaka, na wewe utanyamaza tu, kwa sababu umefundishwa kwamba hivyo ndivyo mama alivyokuwa, na kwamba hivyo ndivyo mtu anavyopendwa.

Mimi nilimpenda kabla hajanyamaza. Nilimpenda pale Tinde, amenitukania meno. Alifanya kazi kuliko mwanaume yeyote niliyemjua, alinipenda, alikupenda wewe mpaka akauza vitenge vyake vyote ili usome, na katika hayo yote hapakuwa na jambo hata moja lililohitaji awe bubu. Hayo magunia angeyabeba akilalamika. Angemwogesha bibi yako huku akimsema. Kazi ingekuwa ileile, na huenda leo angekuwa hapo chumbani anawafukuza shangazi zako wakalale.

Kuna jambo moja dogo, halafu nakuacha. Juzi mlipokuwa mnakaanga maandazi ya wageni, mafuta yalikurukia. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Nilikuona ukivuta pumzi, ukaushika mkono, ukaufunika kwa kanga haraka kabla wengine hawajageuka. Nikakuuliza, "Umeungua?" Ukatabasamu tabasamu la mama yako la Kambarage, ukasema, "Hapana, baba. Si kitu."

Minza, nilisikia harufu ya ngozi.

Nimekununulia dawa ya kupaka. Kesho kabla hujapanda gari nitakusimamisha, nitakuuliza mbele ya shangazi zako, mbele ya wakwe, na mbele ya mchungaji kama atakuwepo: mkono unaendeleaje? Usinijibu salama.

Anayekusubiri mlangoni,
Baba yako